Sukubu katika hadithi fupi za leo: atishe kwa kwato zake au kwa madai yake?

Kalamu ya Usiku (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandika hadithi fupi za mambo ya ajabu, na kwa sasa ninayo mezani hadithi ya Saidi, kijana fundi wa simu jijini Dar es Salaam, ambaye kila usiku anajiwa na mwanamke asiyemfahamu. Kiini chake nimekitoa kwenye simulizi za kale za Ulaya kuhusu sukubu, yaani pepo anayemjia mwanamume usingizini kwa umbo la mwanamke, lakini mandhari ni ya kwetu, na msomaji wa pwani atamtambua mara moja kuwa ni jini mahaba. Saidi ana mchumba, Zuhura, na harusi imekaribia.

Ninakwama kwenye mwisho. Kama ilivyo katika hadithi nyingi za aina hii zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, nimemfanya kijana aujue ukweli kwa kuona miguu. Kipande chenyewe ni hiki:

"Saidi alivuta shuka taratibu. Tochi ya simu ilimulika sakafu, kisha godoro, kisha miguu ya mgeni wake. Haikuwa miguu. Zilikuwa kwato nyeusi, zenye manyoya hadi magotini. Alitaka kupiga kelele, lakini sauti haikutoka."

Nimewapa watu kadhaa waisome, na hakuna aliyeshtuka. Mmoja alisema kwamba alikuwa akizisubiri hizo kwato tangu aya ya pili. Ninaomba mawazo yenu: kiumbe huyu aandikweje leo ili msomaji aliyekwisha kusoma hadithi chungu nzima za majini bado ahisi baridi mgongoni? Je, asili yake ielezwe au iachwe gizani? Naomba tusiingie kwenye ubishi wa iwapo majini wapo au hawapo, kwa kuwa mjadala huo una mahali pake.

Mhariri wa Zamani

Ndugu Kalamu, nionavyo mimi, wasomaji wako hawakuchoshwa na jini. Wamechoshwa na ugunduzi. Kwato zinajibu swali la "huyu ni nani?", na swali hilo msomaji alikwisha kulijibu kabla Saidi hajaamka. Swali ambalo bado lina uhai ni lile la anachodai mgeni huyu, na jinsi alivyoipata haki ya kukidai. Ukizirejea simulizi za kale utaona kwamba sukubu aliogopwa sana kama mtu mwenye madai, anayekuja na masharti mkononi na kumbukumbu isiyosahau.

Chukua kisa kilichoandikwa katika karne ya 12 na Walter Map, aliyekuwa mtumishi katika baraza la Henry wa Pili, mfalme wa Uingereza. Kinamhusu Gerbert wa Aurillac, mtawa mwanazuoni aliyekuwa Papa Sylvester wa Pili kuanzia mwaka 999 hadi 1003. Map anasimulia kwamba Gerbert alipokuwa kijana mjini Reims alimpenda binti asiyemtaka, akafilisika kwa ajili yake, na siku moja, wakati wa adhuhuri, akaingia msituni akiwa na njaa, akamkuta mwanamke mzuri ajabu ameketi juu ya zulia la hariri, mbele yake rundo la fedha. Jina lake Meridiana. Mwanamke huyo hakumrukia wala hakumtisha. Alimpa mali, elimu na njia ya kupanda vyeo, kwa sharti la uaminifu. Baadaye akamhakikishia kwamba hatakufa kabla ya kuongoza misa Yerusalemu, naye Gerbert akajiepusha kabisa na safari ya huko. Kumbe mjini Roma lipo kanisa liitwalo Yerusalemu. Akaongoza misa humo, akaambiwa jina la kanisa, na papo hapo akajua kwamba muda wake umekwisha. Kisa kizima hakina kwato hata moja, na wanakutana mchana kweupe. (Gerbert wa kweli alikuwa mtaalamu wa hesabu na nyota aliyesomea Katalunya, na huenda kosa lake pekee lilikuwa kujua mengi kuliko majirani zake, lakini hilo ni la wanahistoria.)

Rudi nyuma zaidi. Katika mji wa kale wa Nippur, ulioko Iraki ya leo, wachimbuaji walikuta mabakuli ya udongo yaliyofukiwa kifudifudi chini ya sakafu za nyumba. Ndani yake kuna maandishi ya Kiaramu yaliyoandikwa kwa wino, yakizunguka kutoka kitako kuelekea ukingoni, na wataalamu huyaweka kati ya karne ya 5 na ya 8. Mengi yanamkabili Lilith na jamii yake, mapepo wa kike waliodhaniwa kulala na wanaume wa nyumba na kuwadhuru watoto wao. Baadhi yanawafukuza kwa njia ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya kadhi ataielewa: yanawapa talaka. Hati imeandikwa, majina ya wazazi wa pepo yametajwa, nao wanaamriwa watoke uchi, nywele zikiwa zimetimka mgongoni, wala wasirudi. Sasa jiulize maana yake kwa mwenye nyumba. Huwezi kumwandikia talaka ambaye hukumwoa. Mtu aliyefukia bakuli lile chini ya kitanda chake alikuwa anakiri, kwa maandishi, kwamba ndoa ilikuwapo.

Hapo ndipo penye hadithi yako. Mfaransa Théophile Gautier alilielewa jambo hili mwaka 1836 alipoandika kisa cha padri Romuald, ambaye mchana ni mchungaji wa kijiji na usiku anaishi Venice kama bwana mkubwa pamoja na marehemu Clarimonde. Clarimonde anamnyonya damu, ni kweli, lakini anamchoma kwa pini ya dhahabu huku akilia na kuchukua matone machache tu, kwa sababu hataki kumuua. Padri mwenzake anapoufukua mwili wake na kuunyunyizia maji ya baraka, unageuka vumbi, na Romuald anatuambia, akiwa mzee, kwamba bado anajuta. Msomaji anabaki hajui amhurumie nani.

Kwa hiyo ningekishika kipande chako hivi:

"'Umeoga,' alisema. Saidi hakujibu. 'Umeoga kwa sabuni ya mtu mwingine.' Aliketi ukingoni mwa godoro, akahesabu kwa vidole: Mei, Juni, Julai. 'Kodi ya fremu nimelipa mimi. Dawa za mama yako nimelipa mimi. Nilikuomba jambo moja tu.'"

Miguu yake ifunike kwa shuka, wala usiitaje.

Mwana wa Lubumbashi

Nimefurahi kukisoma kisa cha Meridiana, kwa sababu huku kwetu Katanga mzee yeyote angekisikiliza mpaka mwisho kisha akuulize kwa nini umembadilishia jina Mamba Muntu.

Kwa wasiomjua, katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi na miji mingine ya migodi waliuza kwa wingi picha za mwanamke mwenye nywele ndefu nyeusi na ngozi nyeupe, kiunoni kushuka chini akiwa samaki, mara nyingi amevaa saa mkononi, na pembeni ana nyoka, kioo au kitana. Familia zilizitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione. Hapa naomba mwandishi asimame kidogo aifikirie saa ile. Mchoraji alijua kwamba kiumbe wa kwenye maji akivalishwa saa anakuwa wa mjini, ana mishahara ya tarehe fulani na ana miadi.

Simulizi zake zinatofautiana, lakini mfupa wake ni mmoja. Mwanamume anapita ukingoni mwa maji, anaokota kitana au unywele ulioachwa pale. Usiku mwenyewe anamjia ndotoni, anadai kitu chake. Hapo wanapatana. Mwanamume anapewa utajiri, naye anafungwa na mambo mawili ambayo ni magumu kwa binadamu yeyote, yaani kunyamaza, na kutokuwa na mwanamke mwingine. Akivunja, mali inakwenda ilikotoka, na wakati mwingine watu wa nyumbani mwake wanakwenda nayo. Katika mji ambao karibu kila mtu aliishi kwa mshahara wa mgodini, na kila mtu alijua mshahara wa jirani yake ni kiasi gani, simulizi hii ilieleza jambo ambalo hesabu ilishindwa kulieleza: ile gari mpya imetoka wapi.

Sasa, ndugu Kalamu, wewe tayari una fundi wa simu, na sielewi kwa nini unahangaika na shuka. Kila fremu ya fundi ina boksi la simu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mpe Saidi simu moja ya namna hiyo, iliyoletwa na mwanamke ambaye hakumwangalia vizuri usoni, kioo kimepasuka, wala hakuacha namba nyingine. Baada ya miezi anaitengeneza, anaweka laini yake na kuanza kuitumia. Hicho ndicho kitana. Usiku wa kwanza mwanamke anaijia simu yake. Saidi angeweza kuirudisha, na hadithi ingeisha katika ukurasa wa pili. Lakini siku hiyo hiyo wateja wamefurika na fedha zimeingia kwenye simu hiyo mfululizo. Hofu itatoka hapo, kwenye usiku ambao Saidi ameulizwa kwa upole, naye akasema kwamba simu hajaiona.

Kuhusu asili yake, usieleze. Wauzaji wa zile picha hawakueleza, na picha zilinunuliwa.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, na nimeombwa nisiingie kwenye ubishi wa kuwapo au kutokuwapo, kwa hiyo nitasema tu kuhusu mwili wa Saidi, kwa maana ndani ya kile kipande mwili wake haufanyi kazi inavyotakiwa.

Tunapolala hupita hatua ambamo macho hucheza chini ya kope na ndoto huwa nyingi. Katika hatua hiyo ubongo huilegeza misuli karibu yote, ili mtu anayeota anakimbia asianguke kitandani. Mara nyingine fahamu huamka kabla ya misuli kufunguliwa. Mtu anaona chumba chake halisi, anayajua mapazia yake, anasikia feni, lakini hawezi kuinua hata kidole. Kupumua kunaendelea, ila hawezi kuvuta pumzi ndefu kwa hiari yake, na hapo huhisi kifua kimekaliwa. Wengi huwa na yakini kwamba yupo mtu chumbani, mara nyingi kabla ya kumwona. Hali hii huisha ndani ya sekunde au dakika chache, na huwapata zaidi waliolala chali na wale wenye usingizi mchache au wa kukatikakatika, tukiwamo sisi wa zamu. Mchoraji Henry Fuseli, Mswisi aliyeishi London, aliichora mwaka 1781: mwanamke amelala chali, kichwa kimening'inia, na kiumbe kimekaa juu ya kifua chake kikimtazama mtazamaji. Watu wa Newfoundland walimwita anayewakalia "bibi kizee". Sisi tuna jinamizi.

Kwa hiyo Saidi hawezi kuvuta shuka. Hawezi kushika tochi. Macho tu ndiyo yanayomtii. Mwandishi akilikubali sharti hilo anapata zawadi kubwa, kwa sababu mhusika asiyeweza kugeuza shingo ataona tu kile ambacho mgeni ameamua kukiweka mbele ya macho yake. Mazungumzo aliyoyaandika Mhariri yanakaa vizuri katika hali hiyo. "Saidi hakujibu" inasomeka kama ukaidi kwanza, na baadaye msomaji anatambua kwamba hakuweza kujibu. Mgeni naye pengine anakuhesabu kunyamaza huko kuwa ni kukubali. Mikataba mingapi imefungwa kwa njia hiyo!

Niongeze jambo moja la kweli ambalo limenikaa akilini kuliko hadithi nyingi. Mwaka 1990, katika vijiji vya kaskazini mashariki mwa Thailand, habari zilienea kwamba mizimu ya wajane inawachukua wanaume usingizini, kwa sababu vijana wenye afya njema, wengine wao vibarua waliokwenda kufanya kazi Singapore, walikuwa wakikutwa wamekufa asubuhi. Wenyeji walitundika milangoni uume uliochongwa kwa mti ili mjane aridhike na huo, na baadhi ya wanaume walilala wamepaka kucha rangi nyekundu ili wadhaniwe ni wanawake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1992, ndugu wawili madaktari wa moyo waitwao Brugada walieleza hitilafu ya umeme wa moyo, na vifo vingi vya namna ile huko Asia ya Kusini Mashariki sasa huhusishwa nayo. Mimi nikifikiria hadithi, siendi kwa mzimu wala kwa daktari. Ninamfikiria mwanamume wa makamo, mwenye mikono ya kulima mpunga, aliyekaa jioni kwenye ngazi za nyumba yake huku mke wake akimpaka rangi kucha moja baada ya nyingine.

Bi Msomaji

Mwanangu Kalamu, na ninyi nyote, nimewasoma kwa utulivu. Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na majini ya mahaba nimeyasikia tangu utotoni, lakini ninaona mmeyapeleka yote kwa wanaume.

Kwetu anayesemwa kuwa na jini mahaba mara nyingi ni mwanamke. Binti akikataa posa mbili tatu, ana jini mahaba. Mke akikosa mtoto, ana jini mahaba aliyemwonea wivu. Akimchoka mume wake, jini ndiye anayemtia uvivu. Anaitiwa watu wa kisomo, anafukizwa ubani, anaandikiwa kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi ya waridi, naye anakunywa yale maji ya rangi ya manjano huku shangazi zake wamemkodolea macho waone kama atatapika. Jini akipanda anaulizwa jina, dini na anachotaka, naye anajibu kwa kinywa cha yule yule binti, kwa sauti ambayo nyumbani kila siku huambiwa aishushe. Nimeshuhudia jini akisema "huyu hataki kuolewa na mtu yule", na wazee wakampa miezi sita. Binti mwenyewe alikuwa amelisema neno hilo hilo kwa mwaka mzima bila ya kupewa hata siku moja. Ndugu Mhariri, hilo nalo ni dai la kisheria, ila limefikishwa barazani na wakili asiyeonekana.

Na Wazungu wenu wa kale hawakuwa tofauti. Kile kitabu cha kuwinda wachawi cha Heinrich Kramer, kilichopigwa chapa Ujerumani katika miaka ya 1480, kinailaumu tamaa ya wanawake kwa takribani kila kitu, na mapepo wa kiume wanaowajia wanawake ndio waliomshughulisha zaidi. Mwandishi wa leo anayemchukua sukubu akamwandika kama mwanamke mzuri anayemaliza wanaume, na asiulize lolote zaidi, anairudia kazi ya Kramer bila malipo.

Kwato nitazitetea kidogo. Mahali pake ni barabarani. Mwanamke wa buibui anayesimamisha gari usiku, dereva akaangalia chini akaona kwato za punda, hicho ni kisa cha Mombasa na Dar es Salaam na kinatisha kwa sababu ni kifupi na dereva hamjui. Ndugu zetu wa Omani na Emirates wana Umm Duwais wao, mzuri, ananukia, na mikono yake ni mundu. Yeye pia ni wa njiani, kwa mwanamume anayemfuata asiyemjua. Lakini aliyelala na Saidi miezi mitatu anazo habari zake zote. Kumtoa kwato mwishoni ni sawa na kumgeuza mke kuwa mpita njia.

Jambo la mwisho. Wengine watakushauri umtie ndani yake Popobawa, yule pepo anayesemwa kuwaingilia watu usiku, ili hadithi iwe na joto. Nakuomba usifanye hivyo kwa wepesi. Mwaka 1995 nilikuwa mtu mzima. Ilianza Pemba wakati wa Ramadhani, ikaja Unguja, ikavuka mpaka Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi wakiota moto, na wanaume wazima walisimulia hadharani mambo ambayo mwanamume wa kwetu hayasemi. Mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati mjini kwa kudhaniwa ndiye. Ila kuna jambo lake moja ambalo mwandishi anaweza kulitafakari: ilisemwa kwamba aliyeingiliwa asipowatangazia wenzake, Popobawa atarudi. Mamba Muntu wa ndugu yetu wa Lubumbashi anamwadhibu anayesema, na huyu anamrudia anayenyamaza. Chagua jini wako ni wa upande upi kabla hujaandika sentensi ya kwanza, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua Saidi anamsimulia nani, na kwa nini.

Kalamu ya Usiku

Shikamoo Bi Msomaji, na ninawashukuru wote. Simu iliyosahauliwa naichukua, kwa ruhusa ya ndugu wa Lubumbashi. Saidi atalala chali na hatashika tochi. Jini wangu atakuwa wa kunyamaziwa, na kuvunjika kwa siri kutakuwa ndicho kilele badala ya kuonekana kwa miguu.

Ninabaki na Zuhura. Katika rasimu yangu yeye ni mchumba tu anayelia mlangoni. Maneno ya Bi Msomaji yamenifanya nifikirie kumpa usiku wake mwenyewe, lakini sijui nimwingize kwa mlango upi bila kuifanya hadithi fupi iwe riwaya.

Mhariri wa Zamani

Mlango upo, na aliyeufungua ni mtakatifu. Katika karne ya 13 Tomaso wa Akwino alijiuliza inawezekanaje pepo asiye na mwili azae na binadamu, na jibu lake lilikuwa kwamba pepo ni yule yule mmoja: kwanza huwa mwanamke kwa mwanamume, akapokea mbegu, kisha huwa mwanamume kwa mwanamke, akaipeleka. Kwake lilikuwa suala la hoja kavu za shule. Kwa mwandishi wa hadithi ni muundo kamili. Anayemtembelea Saidi mtaa mmoja ndiye anayemtembelea Zuhura mtaa wa pili, usiku huo huo, na kila mmoja ameahidi kutosema. Huhitaji riwaya, unahitaji aya moja ambamo Zuhura, akimlaumu Saidi kwa usiri wake, anataja harufu fulani ya marashi ambayo hangeweza kuijua.

Niongeze tahadhari kuhusu mwokozi. Mwaka 1933 Mmarekani C. L. Moore alichapisha kisa cha Shambleau, kiumbe ambaye mhusika mkuu, akiwa kwenye sayari ya Mirihi, anamwokoa kutoka kwa umati uliotaka kumuua. Umati, kumbe, ulikuwa na sababu. Rafiki yake anakuja kumnusuru mwishoni, kisha anamtaka aahidi kwamba akikutana tena na kiumbe wa aina hiyo atampiga risasi papo hapo. Naye, baada ya kimya kirefu, anaahidi kujaribu tu. Mwandishi huyo alikuwa na umri wa miaka 22, na ile ahadi yenye ufa ndiyo inayoifanya hadithi idumu. Ukimleta shehe au mchungaji mwenye chupa ya maji, akashinda, akaondoka, utakuwa umefunga mlango ambao msomaji alitaka uachwe wazi.

Zamu ya Usiku

Harufu ya marashi ni nzuri, lakini kwa mtu aliyefungwa usingizini ningependelea sauti. Wagonjwa wengi wanaonisimulia hali hii hutaja nyayo, kitasa, au mtu anayepumua karibu na sikio. Zuhura angeweza kuutaja mlio wa simu, ule wa zamani uliokuja na simu yenyewe, ambao Saidi ameubadilisha tangu siku ya kwanza.

Bi Msomaji

Mlio unafaa. Lakini mwanangu, kama Zuhura naye anatembelewa, basi mwache asimulie yeye hadithi yote, kuanzia siku Saidi alipoanza kulipa madeni yake bila kueleza fedha zinatoka wapi. Saidi anajua habari za simu, na anayejua hunyamaza. Zuhura hajui, kwa hiyo ndiye atakayeuliza maswali, na msomaji atauliza pamoja naye. Halafu yeye pia amepewa kitu na huyo mgeni wake. Usipokionyesha mapema, msomaji ataanza kumshuku kabla ya Saidi.